Kiwambo, Msuli Usiolala



Juma hili nataka tuzungumze habari za msuli mmoja ulio ndani ya mwili wa kila mtu. Wengi hawaujui hata jina, ingawa wanautumia usiku na mchana tangu saa ile mkunga alipowasikia wakilia mara ya kwanza. Vijana wa kwaya na vijana wa mpira wameniuliza mara nyingi kama pumzi yaweza kuzoezwa, kama vile mikono na miguu inavyozoezwa. Jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina mpaka wake. Mimi niliuvuka mpaka huo katika Kwaresima ya mwaka 2023, nusura mtu apotee. Nitaeleza kosa langu huko mbele, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

MBUZI WA KRISMASI

Kumbukeni siku mlipomchuna mbuzi wa Krismasi. Ukiisha kupasua tumbo na kutoa matumbo, waona juu yake kuna ukuta mwembamba wa nyama, uliotanda toka ubavu huu hata ubavu wa pili. Pembeni ni nyama nyekundu, katikati ni utando mweupe unaong'aa. Juu ya ukuta huo hukaa moyo na mapafu; chini yake hukaa ini na matumbo. Watoto hupenda kuutoboa kwa kidole ili wauone moyo. Basi ukuta huo ndio uitwao kiwambo. Jina hilo lafaa sana, kwa kuwa latokana na kuwamba, kama vile fundi awambavyo ngozi juu ya ngoma.

Sisi wanadamu nasi tunacho. Kimeshikamana na mbavu za chini, na mfupa wa kifua, na uti wa mgongo, nacho kina nafasi za kupitishia umio na mishipa mikubwa ya damu. Kikilegea, huinuka juu kama chungu kilichofudikizwa. Kikijikaza, hushuka chini na kuyasukuma matumbo. Ndiyo sababu tumbo la mtoto aliyelala hutuna kila avutapo pumzi. Hapo kifua hupata nafasi kubwa zaidi, na hewa huingia mapafuni. Kikilegea tena, hurudi juu, na hewa hutoka. Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kujivuta. Mapafu ni mfuko wa mivukuto ya mhunzi; kiwambo ndicho mkono wa mhunzi.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hata 20 kwa dakika moja. Hesabuni wenyewe, mtaona zafika kama 20,000 kwa siku moja. Kila mara huingiza karibu nusu lita ya hewa. Katika pumzi hizo za utulivu kiwambo hushuka sentimita 1 hata 2 tu, lakini katika pumzi ndefu chaweza kushuka sentimita 6 na kupita. Na unene wake, mtu akiwa ametulia, ni kama milimita 2 hata 3, yaani kama sarafu nene. Kitu chembamba namna hiyo ndicho kinachotushikilia uhai! Kwikwi nayo ni kazi yake: ni kiwambo kinapojikaza ghafula bila kuamriwa.

Amri yake huletwa na mishipa miwili ya fahamu inayotoka shingoni. Kwa sababu hiyo mtu aliyeanguka toka juu ya mwembe akaumia shingo, msimwinue ovyo ovyo kichwa kikining'inia. Shingo ikivunjika sehemu ya juu, amri haifiki, na kiwambo husimama. Afadhali kumlaza juu ya ubao, mwenzenu mmoja akishika kichwa kisicheze, hata afikishwe kwa mganga.

JE, CHAZOEZWA?

Moyo hatuwezi kuuambia enda mbio au pumzika. Kiwambo chafanya kazi chenyewe tulalapo, lakini twaweza pia kukiamuru: shika pumzi, vuta polepole, toa kwa nguvu. Ni msuli wa jamaa moja na misuli ya mikono, nacho hufuata sheria ile ile. Kikipewa mzigo unaozidi mazoea yake, huongezeka nguvu. Kikikaa bure, hunyong'onyea.

Mwaka 1976, huko Marekani, mabwana wawili, David Leith na Mark Bradley, waliandika habari za jaribio lao. Walichukua watu wazima wenye afya, wakawagawa. Kundi moja lilizoezwa kuvuta na kusukuma pumzi kwa nguvu zote, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Kundi jingine lilizoezwa kupumua kwa haraka na kwa kina muda mrefu, kama mtu anayekimbia. Wengine hawakuzoezwa, ili wawe kipimo. Majuma 5 yakapita. Wale wa nguvu waliongezeka nguvu kwa kiasi cha nusu ya ile waliyokuwa nayo na zaidi; wale wa kuvumilia wakaongezeka uvumilivu. Kila kundi lilivuna kile lilichopanda, wala halikuvuna cha jirani.

Mwaka 2006 watafiti wa Cardiff, katika nchi ya Wales, walitoa habari za watu 20 wenye afya. Kumi walizoezwa, kumi hawakuzoezwa. Wale kumi wa kwanza walivuta pumzi kupitia kifaa cha kuzuia hewa, mara 3 kwa juma, kwa muda wa majuma 8, nao walivuta kwa nguvu ya 80 katika kila 100 ya uwezo wao. Kisha kiwambo kikapimwa unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti, jamaa ya ile wanayopimiwa mama wajawazito hospitalini. Kikaonekana kimenenepa. Nguvu ya kuvuta hewa iliongezeka, na kifua kiliweza kujaa hewa kuliko kwanza. Angalieni, lakini: mapafu hayakuota upya. Ni mkono wa mhunzi ulioongezeka nguvu, ukaufungua mfuko wa mivukuto zaidi kidogo.

Sasa sikilizeni habari itakayowapendeza wakulima. Mwaka 2004, huko huko Marekani, watu wenye afya walifanya mazoezi kwa majuma 16 bila kupewa kifaa chochote cha pumzi. Kazi yao ilikuwa kulala chali na kuinuka kwa nguvu ya tumbo, na kuinua vitu vizito kwa mikono. Mwishoni kiwambo chao kilipopimwa, kilikuwa kimenenepa toka milimita 2.5 hivi hata 3.2 hivi. Watu walishangaa, lakini sababu yake ni wazi. Unapoinua ndoo ya maji toka chini, au gunia la mahindi, wabana pumzi kidogo. Kiwambo hujikaza pamoja na misuli ya tumbo, ili kiwiliwili kisimame imara kama nguzo. Basi mama anayeinua ndoo kisimani, na baba anayepakia magunia, wanakizoeza kiwambo pasipo kujua.

FAIDA YAKE NA MPAKA WAKE

Mtaniuliza, kiwambo kinene kina faida gani kwa mtu mzima ambaye haumwi? Mtu aliyekaa hahitaji nguvu hiyo. Faida huonekana wakati wa kazi nzito. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba mtu anapofanya kazi ya kumaliza nguvu zake zote, misuli ya pumzi nayo hudai damu nyingi. Ikichoka, mwili huibana mishipa ya damu ya miguuni, na miguu huwa mizito. Ni kama nyumba yenye watoto wawili na sahani moja. Mwenye njaa ya uhai hulishwa kwanza. Kwa sababu hiyo wakimbiaji na wapiga makasia wengine hukizoeza kiwambo, ili kichelewe kuchoka, na miguu ibakiziwe damu yake.

Lakini si kila jaribio lililoonyesha kwamba mtu atakimbia upesi zaidi. Nguvu ya pumzi huongezeka karibu siku zote. Mwendo wa mashindano huongezeka mara nyingine, na mara nyingine hauongezeki. Basi kijana asidhani kwamba atavuta pumzi chumbani kwake akatoka akiwa mshindi. Miguu nayo yadai jasho lake.

Tena faida hiyo si mali ya kuweka sandukuni. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mtu akiacha mazoezi majuma 9, sehemu ya nguvu aliyoipata humpotea. Lakini aliyeendelea kwa siku 2 tu katika kila juma aliitunza nguvu yake kwa majuma 18 yote ya jaribio. Shamba lililokwisha limwa halitaki jembe kila siku, lakini usipopalilia, magugu hulirudia.

Na kiwambo kisipofanya kazi kabisa huwaje? Mwaka 2008 waganga wa Marekani walitoa habari ya kuhuzunisha. Walichunguza vipande vya kiwambo vya watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa, na jamaa zao wakakubali viungo vyao viwasaidie wengine. Watu hao walikuwa wamepumuliwa na mashine kwa saa 18 hata 69, kiwambo chao kikikaa bure. Nyuzi za nyama za kiwambo zilikuwa zimepungua upana kupita nusu, zikilinganishwa na za watu waliopumuliwa kwa mashine saa chache tu wakati wa kupasuliwa. Si miaka, si miezi. Ni siku tatu tu zisizotimia! Mashine hiyo huokoa watu wengi, wala mtu asiiogope. Lakini kwa sababu ya jambo hili waganga hujitahidi mgonjwa aanze tena kupumua mwenyewe mara tu awezapo.

KOSA LANGU

Nilisoma mambo hayo, yakanipendeza mno. Mtu aliyefundishwa ualimu hupata shida kukaa na jambo jipya bila kulifundisha. Basi katika Kwaresima ile ya mwaka 2023, kwaya ya kigango chetu ilipojiandaa kwa Pasaka, nikawaambia waimbaji wangu: “Ninyi mwakatika pumzi katikati ya mstari kwa sababu viwambo vyenu ni vivivu.” Nikawapa mazoezi ya kila jioni: kulala chali mkekani, kuinuka kwa nguvu ya tumbo, kuvuta pumzi ndefu, kupanda kilima cha kanisa mara mbili. Wengi waliendelea vizuri, nami nikajiona bingwa.

Alikuwako mama mmoja wa sauti ya kwanza. Yeye alizidi kurudi nyuma. Akifika kilimani alisimama mara tatu, mkono kifuani. Siku moja akaniambia, “Mwalimu, pumzi hainitoshi, na moyo wadunda kama ngoma.” Nikamjibu, “Mama, ndiyo kwanza msuli waamka. Usikate tamaa.” Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakusema tena. Akaendelea kuja kila jioni, kwa sababu alipenda kuimba, na kwa sababu alimwamini mtu aliyesoma.

Juma la Mateso lilipokaribia, akaanguka penye ngazi za kanisa. Tukamchukua kwa pikipiki mpaka zahanati. Mganga akamvuta kope ya chini, akamtazama, kisha akatazama viganja vyake. Vyote vilikuwa vyeupe kama karatasi. Akapima damu: 6. Tena mama alikuwa na mimba ya miezi mitano, ambayo kwa haya alikuwa hajaitaja kwa watu. Yule mganga akanigeukia akasema, “Bwana Karani, wewe wamfanyia mazoezi mtu asiye na damu?” Sikuwa na jibu.

Wasomaji wapenzi, fahamuni ubaya wa kosa langu. Kiwambo chake kilikuwa kizima kabisa. Hewa iliingia mapafuni kama ipasavyo. Lakini damu ndiyo mpagazi anayeipokea hewa safi mlangoni na kuipeleka mwilini mwote, na kwake wapagazi walikuwa wachache. Mimi nilikuwa ninaupanua mlango, na ghalani hapakuwa na watu wa kubeba. Kila jioni nilimwongezea mzigo.

Alipelekwa hospitali siku ile ile, akatiwa damu, akapewa na vidonge vya madini ya chuma. Wanakwaya wawili, katika wale waliocheka, walikwenda kutoa damu yao ili kurudishia iliyotumika. Mtoto alizaliwa salama, naye alibatizwa kabla ya Krismasi. Mimi ndiye niandikaye vitabu vya parokia. Nilipoandika jina la mtoto yule katika kitabu cha Ubatizo, mkono ulitetemeka, kwa kuwa nilijua ni kitabu gani kingine nilikuwa karibu kuandika jina la mamaye. Nilimwomba radhi mbele ya mume wake. Alisema, “Yamekwisha, Mwalimu. Lakini siku nyingine mtu akikuambia pumzi hainitoshi, msadiki.”

BASI TUFANYE NINI?

Maneno ya mama huyo ndiyo mafundisho ya kwanza. Mazoezi ya kiwambo niliyoyaeleza ni ya watu wenye afya. Mtu aliyeanza kukosa pumzi kwa kazi aliyokuwa akiifanya jana bila taabu, huyo haambiwi jizoeze. Huyo aende zahanati. Hali kadhalika mwenye kope na viganja vilivyopauka. Mwenye kuvimba miguu. Mwenye kushindwa kulala bila kuinua kichwa. Mwenye maumivu ya kifua. Na mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi, maana huyo apaswa kupimwa kifua kikuu, na dawa zake hapa Tanzania hutolewa bure. Mama mjamzito aende kliniki mapema, asione haya, akapimwe damu na kupewa vidonge vyake. Mtoto mdogo anayepumua mbiombio huku mbavu zikibonyea ndani asingojwe hata kesho.

Kwa mtu mzima, mambo ni mepesi. La kwanza, ajifunze kukitumia kiwambo alicho nacho. Alale chali, akunje magoti, aweke mkono mmoja tumboni na mmoja kifuani. Avute pumzi polepole kwa pua, mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Atoe polepole. Dakika chache zatosha. Hili halinenepeshi msuli, maana halina mzigo. Bali hufundisha kuipanga pumzi, nalo lawafaa waimbaji na wasomaji wa kanisani. Wala msivute pumzi kubwa kubwa kwa haraka, kwa maana kichwa kitazunguka na vidole vitaanza kufa ganzi. Hilo likitokea, acha, tulia, pumua kama kawaida.

La pili, mzigo wa kweli twapewa na kazi zetu: jembe, ndoo, kilima. Karani kama mimi, akaaye kitini mchana kutwa, ndiye anayehitaji zaidi kulala mkekani na kuinuka kwa nguvu ya tumbo, kuliko mkulima atokaye shambani.

La tatu, vipo vifaa vidogo vya kushika mkononi, vyenye kizibo na springi, ambavyo mtu huvuta hewa kupitia kwavyo. Kawaida huvutwa pumzi 30, mara 2 kwa siku, kwa nusu ya nguvu zote, na matunda huonekana baada ya majuma 4 hata 6. Vyawafaa wanamichezo wenye mwalimu wao. Familia isiuze kuku kwa ajili ya kifaa hicho, wala mtu asijitengenezee cha kwake kwa kuziba mrija. Hatari ni kubwa kuliko faida. Na mwenye ugonjwa wa mapafu au wa moyo, au aliyepasuliwa karibuni, asikiguse kabla ya kuulizia kwa mganga.

Tumesoma tangu katekisimu kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai. Kila mara kiwambo kishukapo, zawadi hiyo yafunguliwa upya, hata usiku tulalapo bila kusema asante. Kuitunza ni wajibu wetu. Na kuitunza pumzi ya jirani pia ni wajibu wetu: kumsikiliza anaposema hainitoshi, kabla hatujamwambia la kufanya.

Mama yule bado yu katika sauti ya kwanza. Jumapili hupanda kilima cha kanisa akiwa na mtoto mgongoni, wala hasimami njiani. Mimi humfuata nyuma nikihema, na daftari zangu kwapani.